Kuchoma Taka Uani: Sheria Yasemaje, na Mapafu Yasemaje?

Barua mbili zimetufikia karibu wakati mmoja, nasi tumeona tuzijibu pamoja.

Ya kwanza imeandikwa na mama anayekaa mjini. Mtoto wake wa miaka minne ana pumu. Kila jioni, jua linapozama, jirani yake huwasha takataka nyuma ya nyumba: majani, maganda, chupa za plastiki, pampasi, vyote kwa pamoja. Madirisha yakifungwa nyumba inakuwa tanuri. Yakiachwa wazi mtoto anaanza kukohoa na usiku haulaliki. Mama huyu amekwenda kwa jirani mara mbili kwa heshima zote, akajibiwa kwamba ua una mwenyewe. Anatuuliza kama kweli hakuna sheria.

Barua ya pili ni ya baba wa familia. Yeye alikutwa na bwana afya akichoma majani ya mwembe na makaratasi, akaandikiwa faini. Anasema gari la taka halijaonekana mtaani kwao kwa wiki nyingi, ingawa ada ya taka inadaiwa kila mwezi bila kukosa. Anauliza kwa uchungu: kama kuchoma ni kosa, na kulundika pia ni kosa, takataka azimeze?

Tulipozisoma barua hizi kwa kufuatana tuliona kwamba watu hawa wawili wangeweza kabisa kuwa majirani, na kwamba kila mmoja ana haki yake. Kwa hiyo somo la mwezi huu lina pande mbili, afya na sheria. Tuanze na afya, kwa maana bila kuielewa, sheria itaonekana kama uchokozi wa serikali tu.

MOSHI UNA NINI NDANI YAKE

Kila tunapofundisha jambo hili hatukosi kumsikia mtu akisema kwamba wazee wetu walichoma taka na bado wengi wao walifika miaka themanini. Hoja hii si ya kudharau. Lakini tujiulize, wazee walichoma nini? Jalala la babu lilikuwa na majani ya migomba, maganda ya muhogo, mabua, kipande cha kitambaa cha pamba, labda mkeka uliochakaa. Jalala la leo lina chupa za soda na maji, ndala zilizokatika, waya za umeme, betri za redio, simu mbovu, boksi la juisi lenye utando unaong'aa ndani yake, kopo la dawa ya mbu na pampasi za juzi na jana. Moto ni uleule wa babu, bali kinachochomwa ni kingine kabisa.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba moshi wa majani matupu hauna neno. Moshi wowote umejaa chembe ndogo sana za masizi. Zile zinazowatisha zaidi waganga ni ndogo kiasi kwamba unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzishinda mara 30 hivi. Vumbi la kawaida hunaswa na vinyweleo vya puani na makamasi. Chembe hizi hupita, hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndiyo sababu moshi hauishii kwenye kikohozi tu, bali humwongezea hatari mwenye ugonjwa wa moyo na mwenye shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa siku nzima usizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kiasi hicho ni kidogo mno, na kando ya lundo linalofuka moshi kinapitwa bila shaka.

Mtoto yumo hatarini kuliko mtu mzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, lakini mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60. Njia zake za hewa ni nyembamba, na uvimbe mdogo tu unazibana. Mwenye pumu, moshi humwamshia shambulio; asiye na pumu, moshi hudhoofisha kinga ya mapafu, na nimonia hupata mlango.

Sasa tuje kwenye plastiki. Si plastiki zote zinafanana. Zile za mabomba, za ganda la waya za umeme, za maturubai mengi na za baadhi ya viatu zina klorini ndani yake. Zikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na koo, na zaidi ya hayo hutengeneza sumu ziitwazo dayoksini. Sumu hizi huvunjika vizuri katika tanuri maalumu lenye joto linalozidi nyuzi 850. Moto wa uani haulifikii joto hilo kwa uthabiti. Huwaka hapa, hufifia pale, na katikati ya lundo lenye unyevunyevu hakuna moto, ni moshi tu. Kwa hiyo anayefikiri ameiangamiza plastiki kwa kuichoma, kwa kweli ameibadilisha umbo na kuituma kwa jirani.

Dayoksini ina tabia mbili mbaya. Kwanza, hukaa katika mafuta ya mwili, na inakadiriwa kwamba huchukua miaka 7 hadi 11 ndipo nusu ya kiasi kilichoingia kiondoke. Pili, kwa sehemu kubwa haituingii kwa pua. Zaidi ya asilimia 90 huingia kwa chakula, hasa nyama, maziwa, samaki na vyakula vingine vya wanyama. Masizi huanguka kwenye majani na udongo, ng'ombe hula majani, kuku huchakura majivuni, nasi tunakunywa maziwa na kula yai. Inahusishwa na saratani, na kuvurugika kwa homoni na kinga ya mwili, na madhara kwa ukuaji wa mtoto aliye tumboni. Akina mama wengi wanatuambia kwamba wanawapa watoto mayai ya kienyeji kwa sababu hayana madawa. Wanafanya vema. Lakini tazama basi kuku hao wanachakura wapi.

Kwa sababu hiyohiyo tunaomba jambo moja lieleweke vizuri kwa wenye bustani. Majivu ya kuni ni mbolea, na bibi zetu walijua hivyo. Majivu ya jalala lenye plastiki, betri na waya si mbolea. Yana madini mabaya kama risasi. Usiyamwage kwenye mchicha.

WAKATI WA KUCHOMA

Karibu watu wote huchoma jioni. Kazi zimekwisha, ua umefagiwa, na upepo umetulia. Kumbe hiyo ndiyo saa mbaya kupita zote. Jua likizama, ardhi hupoa na kuipoza hewa iliyo karibu nayo. Hewa baridi ni nzito, nayo hulala chini kama maji bondeni. Moshi unaotoka wakati huo hauna njia ya kupanda. Huenea kwa usawa wa madirisha na kuingia vyumbani wakati watoto wanalala. Asubuhi, kati ya saa 3 na saa 5, ardhi imepata joto na hewa inaanza kupanda, na kwa kawaida upepo bado si mkali. Ikiwa mahali fulani inaruhusiwa kuchoma majani makavu, basi ni saa hizo.

MAJIVU YA JANA

Kuna hatari nyingine ambayo haina uhusiano na moshi, nayo tunaiona mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Katika zahanati moja tunayoifahamu aliletwa mtoto wa miaka mitatu, nyayo zote mbili zimeungua. Hakuna aliyewasha moto siku ile. Taka zilikuwa zimechomwa jana yake jioni, juu palionekana majivu ya kijivu yaliyopoa, naye akaingia kuufuata mpira. Chini ya majivu makaa yalikuwa hai. Mama yake alirudia mara nyingi kwamba moto ulikuwa umezimika, na kwa macho kweli ulikuwa umezimika.

Shimo la taka lililochomwa limwagiwe maji, likorogwe kwa mti mrefu, limwagiwe tena, na liwekewe uzio hata wa miiba. Petroli isitumike kamwe kuwashia taka, kwa kuwa mvuke wake hutangulia na kuushika moto kabla mkono haujarudi. Makopo ya kupulizia na betri hulipuka.

Mtu akiungua, mwagilia sehemu hiyo maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia kata na ndoo. Usipake dawa ya meno, yai, unga, samli wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi usikibane. Uso, mikono, nyayo na sehemu za siri zikiungua, au jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, nenda hospitali hata kama haumwi sana, na ulizia chanjo ya pepopunda.

SHERIA IKO NGAZI KWA NGAZI

Mama wa barua ya kwanza anauliza kama kuna sheria. Ipo, tena ni zaidi ya moja, lakini haimo katika kitabu kimoja, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambayo mizizi yake ni ya enzi za mkoloni, inafanya kuwa kosa kuichafua hewa kwa makusudi hata ikadhuru afya ya watu wanaokaa au kufanya kazi jirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila akaaye Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye afya, na wakati huohuo inaziwekea serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inashughulikia kero zinazodhuru afya, na inampa afisa afya nguvu ya kukagua na kumtaka mwenye nyumba aziondoe. Kwa wale wa vijijini, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mtu apate kibali cha mamlaka iliyo karibu kabla ya kuchoma majani au pori nje ya ua wa nyumba yake. Moto wa kusafisha shamba uliovuka mpaka na kuteketeza msitu hautetewi kwa kusema nilikuwa nachoma takataka.

Lakini sheria inayomgusa mtu mlangoni kwake kila siku ni sheria ndogo. Tangu mwaka 1982 sheria za serikali za mitaa, ile ya wilaya na ile ya miji, zimezipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo zao. Kwa hiyo jibu la swali "inaruhusiwa au hairuhusiwi" laweza kutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri. Mahali pengine kuchoma taka yoyote katika eneo la makazi ni marufuku. Pengine panatajwa aina za taka, au saa, au umbali na nyumba. Usiamini maneno ya kijiweni, wala usitegemee ukurasa huu ukuambie ya mtaani kwako. Nenda ofisi ya mtendaji wa mtaa, kijiji au kata, uombe kuisoma sheria ndogo ya usafi wa mazingira. Ni haki yako, usiombe kama mtu anayeomba hisani.

Ukikutwa na kosa, mwulize ofisa kwa adabu kitambulisho chake, na sheria ndogo ipi na kifungu gani umevunja. Faini ya papo kwa papo ni kwa yule aliyekubali kosa. Asiyekubali ana haki ya kupelekwa mahakamani akasikilizwe. Malipo ya serikali yana namba yake ya kumbukumbu na stakabadhi. Fedha inayopokelewa mkononi nyuma ya mwembe si faini, na sote tunajua jina lake.

SHERIA INAIBANA HALMASHAURI PIA

Baba wa barua ya pili huenda akasema kwamba yote hayo yanamwelekea mnyonge tu. Hapana. Tumkumbushe habari ya Tabata, ambayo wasomaji wetu wa umri mkubwa wataikumbuka.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishitaki Jiji katika Mahakama Kuu. Jiji lilikuwa likimwaga taka katika eneo lao, taka zikaungua, na moshi, harufu na nzi vikawa sehemu ya maisha ya watu waliokaa hapo. Mahakama iliamuru Jiji liache na litafute mahali pengine. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuliongezea, akiona kwamba kuwaweka watu katika hali ya namna ile kunagusa haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, napo wakazi wakaenda mahakamani mwaka uleule, nao wakashinda. Baadaye jalala lilihamia Vingunguti, Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Tunasimulia hayo kwa sababu moja. Wale hawakuwa mabwana wakubwa; walikuwa watu wa mtaa waliokohoa, wakaandika majina yao pamoja, wakashika njia ya halali. Neno lililoandikwa katika sheria lilimfunga yule mwenye magari na ofisi kama linavyomfunga mwenye kiberiti.

Maoni yetu tunayasema waziwazi. Katazo lisilo na gari la taka huzaa wachomaji wa usiku. Tumeona mitaa ambako faini ilipandishwa na moshi haukupungua, ila ulihama tu kutoka saa kumi na mbili jioni kwenda saa tano usiku, pale hewa inapokuwa imelala kabisa na mama wa mtoto mwenye pumu hawezi hata kujua moshi unatoka kwa nani. Halmashauri inayodai ada ya taka ina deni la kuzizoa. Wananchi waandike barua kwa mtendaji, wataje tarehe ambazo gari halikuja, wabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kama mtaa una njia nyembamba, waombe wapewe siku maalumu ya guta au mkokoteni wa kupeleka taka hadi barabarani. Kunung'unika kwenye foleni ya maji hakuna nakala.

KIJIJI CHAWEZA KUJITUNGIA

Wasomaji wa vijijini wasijione wako mbali. Halmashauri ya kijiji nayo ina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mapendekezo hupelekwa kwenye mkutano wa wanakijiji, watu wakatoa maoni yao, kisha halmashauri ya kijiji ikapitisha na kuipelekea halmashauri ya wilaya iidhinishe. Bila idhini hiyo ni makubaliano tu, hayana meno. Katika miji ni halmashauri yenyewe inayotunga, lakini wananchi hutangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa pingamizi kabla rasimu haijapelekwa serikalini kuidhinishwa. Tangazo hilo hubandikwa ubaoni, na ubaoni hapo wengi wetu hupita tukitafuta majina ya waliochaguliwa sekondari tu.

Kama tungeulizwa maoni, tungependekeza sheria fupi inayotekelezeka. Plastiki, mipira na matairi, waya, betri, vifaa vya umeme, mbao na nguzo zilizopakwa dawa, na taka za zahanati visichomwe uani kwa hali yoyote, bila msamaha. Waya tunaziweka mbele kwa makusudi, maana vijana wanaozichoma ili wauze shaba iliyo ndani wanavuta moshi wenye sumu kuliko karibu moshi mwingine wowote wa mtaani, na mnunuzi wa shaba haguswi. Sheria imguse na yeye. Majani makavu, mahali ambapo hakuna njia nyingine, yachomwe kidogokidogo, asubuhi, mbali na nyumba na paa za nyasi, mtu mzima akiwapo mpaka mwisho na ndoo ya maji pembeni. Karibu na shule, zahanati na soko pasichomwe kitu. Halafu faini za mwanzo ziwe ndogo zenye kutozwa kweli. Faini kubwa ambayo hakuna mtendaji mwenye moyo wa kumtoza jirani yake haimtishi mtu.

KUPUNGUZA KABLA YA KUFIKA KWENYE KIBERITI

Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni vitu vinavyooza. Hivyo havina haja ya moto. Chimba shimo la kina cha mita moja, au fanya lundo chini ya mti kama maji ya ardhini yako karibu. Weka tabaka la majani makavu, kisha maganda na mabaki ya mboga, kisha samadi kidogo au udongo, na urudie hivyohivyo. Liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Lipindue kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi miwili au mitatu hivi una mboji nyeusi isiyonuka. Likinuka, limelowa mno; ongeza majani makavu.

Chupa za plastiki na vyuma viwekwe pembeni kwenye kiroba. Wanaozikusanya kwa ajili ya kuuza wako karibu kila mji, na wengine hulipa kwa kilo. Betri zilizokwisha zikae kwenye kopo kavu mbali na watoto mpaka uulize halmashauri pa kuzipeleka, zisitupwe chooni. Sindano za mgonjwa wa kisukari ziwekwe kwenye chombo kigumu chenye kifuniko na kurudishwa kituo cha afya. Dawa zilizopitwa na wakati vilevile.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mitaro yetu imepata nafuu. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawakuambiwa: ule mfuko mbadala wa rangirangi unaoonekana kama kitambaa, kwa kawaida nao ni plastiki iliyofumwa kwa namna nyingine. Uoshe, utumie tena na tena. Usiuchome kwa kudhani ni pamba.

Kuhusu pampasi, hatuna jibu zuri, na hatutajifanya tunalo. Haziungui kwa sababu zimelowa, zinajaza choo, na mbwa huzifukua. Palipo na gari la taka zifungwe vizuri ziende na gari. Pasipo na gari, zifukiwe chini sana, mbali na kisima. Mama anayeweza kutumia nepi za kitambaa mchana na kuacha pampasi kwa safari na usiku atakuwa amepunguza mzigo kwa kiasi kikubwa, na fedha pia.

TUWAJIBU WALIOANDIKA

Mama mpendwa, nenda kwa jirani mara ya tatu, lakini safari hii nenda naye mtu mnayemheshimu nyote wawili, awe mzee wa mtaa au mwenyekiti wa jumuiya. Usianze na sheria. Mwalike jirani amwone mtoto usiku anapohangaika kupumua. Wengi hawajui tu. Kama haisaidii, peleka malalamiko yako kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kwa afisa afya wa kata, kwa maandishi, ukitaja siku na saa. Dawa ya pumu ya mtoto ikae nyumbani muda wote, usisubiri shambulio ndipo ukaitafute. Tena mhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa. Mtoto wa umri wake mwenye kikohozi akipumua mara 40 au zaidi, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa wasomaji wenye wadogo zaidi, hesabu ni 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, na 60 kwa aliye chini ya miezi 2. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au midomo ikibadilika rangi, usingoje kupambazuke.

Baba mpendwa, kama sheria ndogo ya kwenu inakataza hata majani, faini ilikuwa halali, ingawa tunakuonea huruma. Mwembe wako una utajiri. Majani yake yafanye mboji. Na ile barua ya kudai gari la taka uiandike wewe, maana una uchungu wa kutosha kuimaliza. Tafuta sahihi za majirani kumi. Huenda mama wa barua ya kwanza ni mmoja wao.

Sisi wenyewe hatuna usafi wa kujisifu. Mwaka jana, baada ya sherehe ya Komunyo ya Kwanza kigangoni, sahani na vikombe vya plastiki vya wageni mia tatu vilichomwa nyuma ya kanisa, na moshi wake ukaenda moja kwa moja kwenye madarasa ya chekechea. Mwaka huu tumekubaliana sahani ziazimwe kutoka kila jumuiya. Nani atakayeziosha, bado kikao kinaendelea.